Konokono wa Vizma

Jumapili ya kwanza ya mwezi, katika ukumbi wa mazoezi
wa shule moja ng'ambo ya mto Daugava,
tunapanga meza chini ya vyuma vya mpira wa kikapu
na kuuziana pesa.
Mke wangu hucheka: pesa zisizonunua kitu, mnazinunua kwa pesa.
Namwambia ndivyo. Sina jibu jingine.

Mimi ni fundi wa lifti. Wiki nzima napandisha watu na kuwashusha.
Siku hiyo moja nainama tu,
lenzi jichoni, glavu za pamba mikononi,
nikitafuta samaki, sisimizi, uyoga,
viumbe wa zile lati zetu tulizozizika
yuro ilipobisha hodi Riga.

Vizma hakuwa na meza.
Alikuja na chupa ya chai na kiti chake cha kukunja,
mchongaji mstaafu, vidole vimepinda kama tangawizi,
akaokota sarafu yangu ghali kuliko zote
kwa mkono mtupu.
Nilipiga kelele.
"Unaogopa nini? Zilichorwa ili zishikwe."

Kisha somo, bila kuombwa:
picha isiupite ukingo kwa kimo,
sarafu isiyokaa juu ya mwenzake ni nishani.
Kichoree kidole gumba, usilichoree jicho;
mtu hulipa gizani, mfukoni, akiwa na haraka.
Na palipoinuka ndipo pa kwanza kufa.
Umewaona wafalme wa kale? Pua hawana.
Basi unachokipandisha juu
kiwe kile ulicho tayari kukipoteza.

Aliwahi kuchora konokono.
Plasta pana kama sahani ya supu,
pembe nje, ute karibu uuone uking'aa,
majuma saba kwa gamba peke yake.
Mjumbe mmoja wa kamati akauliza
kama taifa linataka kujulikana kwa mwendo huo.
Wakacheka. Wakachagua ndege.
"Ndege huchaguliwa daima," alisema Vizma, akamimina chai.

Alikufa mwezi wa Februari, barabara zimeganda.
Mpwa wake, Raitis, akaleta kopo la biskuti:
vifungo, sindano, funguo zisizo na milango,
na kisahani cha risasi, kizito, rangi ya wingu,
upande mmoja kitupu,
upande wa pili yeye, pembe nje.
"Kifungo hicho," alisema Raitis, "ila hakina matundu. Yuro mbili."

Ningeweza kumwambia.
Nakiri hapa, maana mke wangu hasomi mashairi:
nilitoa yuro mbili, nikasema asante,
mikono ikitetemeka ndani ya glavu.
Wiki mbili baadaye nilimpelekea bahasha.
Sitasema mlikuwa na ngapi. Hazikutosha.

Albamu yangu ilikuwa na kidirisha kimoja kitupu,
nilichokiacha bila kujua namwekea nani.
Nikamtia humo. Nikamtazama siku tatu.
Alikuwa kama abiria ambaye lifti imekwama naye
kati ya ghorofa mbili,
anayegonga kwa adabu.

Nikamtoa.
Sasa anakaa mfukoni mwa suruali ya kazi
pamoja na bisibisi na funguo za mitambo.
Nanawa mikono kabla ya kula; risasi ni risasi.
Wenzangu wa Jumapili wangejua wangenifukuza ukumbini.
Lakini hajawahi kununua mkate, wala tiketi ya tramu,
hajawahi kuanguka chini ya kaunta na kutafutwa.
Soko lake ni kidole changu,
nenda rudi, ghorofa ya kwanza hadi ya tisa.

Risasi ni laini. Mistari ya gamba imeanza kufifia.
Nilidhani Vizma alikosea: kwa nini uipandishe nyumba
juu kabisa, uichonge majuma saba,
mahali pa kwanza kufa?

Jana, kati ya ghorofa ya sita na ya saba,
kidole gumba kilipapasa, kikaelewa kabla yangu.
Mwili uko chini, umeegemea ukingo.
Hakuna kinachoufikia.
Gamba litakwisha, na konokono atakuwa koa,
pembe nje,
akiendelea.